Dakika Ishirini na Tano

Maji yaliingia nyumbani kwetu, mtaa wa Satellite, Jumapili moja ya masika, sisi tukiwa kanisani. Jirani wa upande wa juu alikuwa ameanza kujenga, na mchanga wake ulikuwa umeziba mtaro. Tuliporudi tulikuta maji ya rangi ya chai yakitufika kwenye vifundo vya miguu, na kandambili za mama zikielea katikati ya sebule. Tulishinda alasiri yote, mimi na yeye, tukiyachota kwa karai na kuyafagia kuelekea uani. Mama alikuwa na miaka sabini na sita. Nilimwambia apande kitandani akae. Hakukaa.

Jua lilipokuwa likishuka, na mgongo wangu ukiwaka moto, aliniambia, "Hebu angalia droo ya chini ya kabati langu."

"Nitaangalia kesho, mama."

Kesho yake nilikuwa na mapazia ya mteja ya kumaliza. Nina duka dogo la kushona mapazia pale Dagoretti Corner, na mteja wa mapazia akishaingia nyumba mpya hataki kusikia habari za mafuriko yako. Kesho kutwa tulianika magodoro. Siku iliyofuata ilinyesha tena. Ilikuwa siku ya tisa nilipoivuta ile droo, nayo ilikuwa imevimba, ikabidi niing'oe kwa bisibisi. Ndani mlikuwa na mkebe wa biskuti. Ndani ya mkebe mlikuwa na vyeti vya mama vya ukunga, vimegandamana kama mkate uliolowa, na chini yake saa yake ya mkononi.

Ilikuwa saa ya kutia ufunguo, ya duara, na mkono mrefu mwembamba wa sekunde uliozunguka uso wote. Aliinunua alipomaliza chuo cha uuguzi, akahesabia mapigo ya moyo ya watu kwa miaka zaidi ya thelathini. Nilipokuwa mdogo nilidhani mtoto hawezi kuzaliwa mpaka mama yangu aitazame saa hiyo na kutoa ruhusa. Sasa kioo chake kilikuwa na ukungu kwa ndani, uso umetapakaa madoa ya kahawia, na mikono imeganda. Nikafanya lile ambalo kila mtu husema ufanye: nikaifukia kwenye bakuli la mchele siku tano. Ilitoka vilevile, ila sasa ilikuwa na vumbi la mchele.

Mama alipoiona hakunilaumu. Aliishika kwenye kiganja, akaigeuza mara moja, akanirudishia. "Iache tu," akasema.

Laiti angenigombeza. Neno lile "iache" ndilo lililonitoa nyumbani kumtafuta fundi.

Nilielekezwa kwa mzee mmoja katikati ya jiji, ghorofa ya kwanza ya jengo la zamani upande wa River Road. Meza yake iko dirishani, mwisho wa korido, baina ya mshona suti na duka la wigi. Ni mtu mnene mwenye vidole vinene, na mpaka leo sijui vidole vile vinaokotaje skrubu ndogo kuliko mbegu ya mchicha. Alibandika lenzi jichoni, akafungua kifuniko cha nyuma, akachungulia.

"Hii imekaa kwa maji siku ngapi?"

"Siku tisa. Halafu nikaiweka kwa mchele."

"Mchele." Akaitoa lenzi, akanitazama kwa macho yote mawili. "Madam, mchele ni wa kula. Saa ikiingia maji, unailetea fundi siku hiyo hiyo. Kutu haingojangi mtu."

Alinipa lenzi nitazame mwenyewe. Nilitarajia kuona kitu kilichokufa. Badala yake niliona mji mdogo uliofurika: magurudumu ya shaba yaking'aa pembeni, na katikati yake vyuma vyekundu kama udongo wa Riruta. Fundi akanionyesha kwa ncha ya sindano. Hivi vya shaba vitasafishika. Skrubu hizi zitalowekwa mpaka zilegee. Hiki cha kutilia ufunguo kimekwisha. Kisha akafika kwenye springi nyembamba kuliko unywele, iliyojiviringa kama mkia wa kinyonga.

"Hii ndiyo roho yake. Hii ndiyo inaiambia ipige vipi. Imeliwa. Kuitengeneza siwezi, na kuinunua hakuna, kampuni ilishafunga zamani. Niletee saa ingine kama hii. Hata kama ni mzoga. Lakini isiwe mzoga wa maji."

"Nitaitoa wapi?"

"Hiyo sasa ni kazi yako," akasema, akaitumbukiza saa ya mama vipande vipande kwenye vikombe vya mafuta.

Nyumbani nilimuuliza mama aliinunua wapi. Alinieleza kwamba matroni wao aliamuru kila mmoja awe na saa yenye mkono mrefu wa sekunde, basi wakaenda sita pamoja duka moja mjini, wakanunua za aina moja.

"Hao wengine wako wapi?"

"Wanne wamekufa."

"Na wa tano?"

Akainuka kwenda kuanua nguo. Kwenye kamba palikuwa na kitambaa kimoja cha meza.

Zilipita siku tatu. Siku ya nne, akiwa anachambua maharagwe, alisema bila kuinua kichwa, "Yuko mtaa wa Jamhuri. Nyuma ya kanisa, geti la kijani. Usimwambie nimekutuma."

Nilidhani ni aibu ya kuomba. Mama hajawahi kupenda kuomba kitu kwa mtu.

Geti lilifunguliwa na mwanamke mrefu, amevaa sweta la kijivu, miwani ikining'inia kwa uzi shingoni. Nilikuwa nimejitungia hadithi yangu: kwamba ninakusanya saa za zamani, kwamba nimesikia yeye alikuwa muuguzi. Sikufika mbali. Alivaa miwani, akanitazama usoni kwa muda mrefu kuliko adabu inavyoruhusu.

"Hilo paji la uso ni la mama yako," akasema. "Amesema nini?"

Sikuwa na pa kujificha. Nikamwambia ukweli: mafuriko, droo, mchele, springi.

"Saa yangu iko," alisema. "Iliniponyoka ikaanguka kwenye sakafu nikiwa bado kazini, sikuitengeneza. Mwambie aje aichukue mwenyewe. Na umwambie nimesema saa yangu ilikuwa sawa."

"Sawa vipi, mama?"

"Yeye anajua."

Nilipomfikishia mama maneno hayo, aliweka kisu chini. Alikuwa akimenya viazi, na kiazi kilibaki mkononi mwake nusu kimemenywa muda wote aliokuwa akiongea.

Walikuwa zamu ya mchana, yeye na huyo rafiki yake wa Jamhuri, wodi ya wazazi. Saa ya ukutani ilikuwa imekufa miezi kadhaa, ndiyo maana walitumia za mkononi. Mwanamke mmoja alijifungua salama, kisha akaanza kutokwa na damu. Mama ndiye aliyeiona damu na kuandika: ilianza saa saba na dakika arobaini. Rafiki yake alikimbia kumwita daktari, naye akaandika: daktari ameitwa saa nane na dakika kumi. Daktari alikuja, wakahangaika, yule mwanamke akafariki. Palipofanywa uchunguzi, karatasi zilisema kwamba damu ilitoka nusu saa nzima kabla ya rafiki yake kusogea.

"Lakini hakukawia," mama alisema. "Alikimbia papo hapo. Mimi nilimwona akikimbia."

"Sasa ile nusu saa ilitoka wapi?"

"Ilitoka kwa saa yangu. Asubuhi ile niliikuta imesimama. Nilikuwa nimesahau kuitia ufunguo. Nikaitia, nikakisia, nikaenda kazini nikidhani nitaiweka sawa na ya mwenzangu. Nikasahau. Jioni nikiwa nyumbani nikasikia redio ikipiga saa moja. Yangu ilikuwa nyuma dakika ishirini na tano."

Alijua jioni ileile. Rafiki yake alimwuliza siku ya pili, "Sista, saa yako iko sawa?" Mama akasema iko sawa. Wiki mbili baadaye wakubwa walimwuliza hivyo hivyo, akajibu hivyo hivyo. Yeye alibaki wodini. Rafiki yake aliondolewa, akapelekwa zahanati moja ya mbali kaskazini, akakaa huko miaka minne, na aliporudi hakupandishwa cheo tena mpaka anastaafu.

"Kwa nini ulisahau kuitia ufunguo?" niliuliza. Sijui kwa nini niliuliza hilo badala ya lile lingine.

"Ulikuwa na surua. Nilikuwa nimekupakata."

Nilitoka nje nikasimama uani. Ukuta ulikuwa bado na mstari wa matope mahali maji yalipoishia. Nilikuwa na hasira naye, kisha hasira ikakosa pa kukaa, kwa sababu kila nilipoiweka ilinirudia mimi: nilikuwa na umri wa miaka miwili, sikufanya lolote ila kuugua, na bado nilikuwa ndani ya jambo lile kama uzi ndani ya pindo. Niliporudi jikoni mama alikuwa amemaliza viazi vyote, vingi kuliko tulivyoweza kula.

"Tutaenda Alhamisi," akasema.

Alhamisi alivaa suti yake ya kanisani. Geti la kijani lilifunguliwa, na wale wanawake wawili wakatazamana.

"Sista," mama akasema.

"Karibu, Sista."

Tuliketi. Mwenyeji alileta chai ya maziwa na mikate ya siagi, akauliza habari za mvua, mama akajibu habari za mvua. Kikombe changu kilikuwa kimefika nusu mama alipoweka chake mezani.

"Saa yangu ilikuwa nyuma siku ile," alisema. "Dakika ishirini na tano. Nilijua jioni ileile. Uliponiuliza nilikudanganya. Na waliponiuliza niliwadanganya."

Mwenyeji alichukua birika akaanza kumwongezea mama chai, ingawa kikombe kilikuwa bado kimejaa. Ikamwagika kwenye sahani, ikapita ikafika kwenye kitambaa. Nilitaka kuinuka kupangusa, mama akanizuia kwa mkono.

"Kwa nini?" mwenyeji akauliza hatimaye. Sauti yake ilikuwa ya kawaida kabisa.

"Niliogopa kazi. Nilikuwa peke yangu na mtoto, na mtoto alikuwa mgonjwa."

"Mimi pia nilikuwa na mtoto."

"Najua."

"Hujui. Kule hakukuwa na shule. Nilimwacha kwa mama yangu akiwa na miaka mitatu. Nilikuwa ninamwona Krismasi. Mwaka wa pili aliniita shangazi."

Mama aliinamisha kichwa. Hakujitetea, wala hakulia, na nadhani kulia kungekuwa kumwomba mwenzake ambembeleze. Nje kuku wa jirani alikuwa akitangaza yai lake bila kuchoka.

"Nimeisubiri sentensi hiyo muda mrefu sana," mwenyeji akasema. "Nilidhani ukiisema nitakuwa na neno la kukurudishia. Sina." Akaenda chumbani, akarudi na bahasha ya kaki, akaiweka mbele ya mama. "Hiyo hapo. Mimi sina kazi nayo."

Njia nzima mama aliishika bahasha kwa mikono miwili. Sikuthubutu kumwuliza kama ameambiwa amesamehewa, kwa sababu nilikuwepo na nilisikia vizuri kwamba hakuambiwa.

Jumatatu alisisitiza kwenda nami mjini. Alipanda zile ngazi polepole, akipumzika kila baada ya hatua nne, akaketi mbele ya meza ya fundi kama mtu aliyekuja kliniki. Fundi alizifungua saa zote mbili ubavu kwa ubavu.

"Hii ya pili haijaona maji," alisema, akifurahi. "Springi yake nzima. Lakini ilianguka vibaya. Kioo hakuna, mkono wa sekunde hakuna, gurudumu moja limevunjika ncha, na hizi skrubu kuna mtu alishazing'oa." Akagusa kikombe kimoja. "Na hilo gurudumu kwa hii yako liko salama, kioo kiko, mikono iko. Kwa hivyo Mungu ni mwema. Natoa roho kwa hii, naweka kwa yako. Saa yako inarudi kazini."

"Na ukigeuza?" mama akauliza.

"Nigeuze aje?"

"Utoe kwa yangu, uweke kwa hii."

Fundi alinitazama mimi. Mimi ndiye mteja, mimi ndiye niliyepanda zile ngazi mara tano. Nilifungua mdomo kusema kwamba nilikuja kutengeneza saa ya mama yangu, kwamba ni mimi niliyeiacha ioze kwenye droo na nilitaka kuirudisha mkononi mwake. Nikamwona mama ameweka kidole kwenye ukingo wa meza, hakitikisiki.

"Inawezekana?" nikamwuliza fundi.

"Inawezekana. Hata ni rahisi. Uso wa hii ni safi." Akakuna shingo. "Lakini yako haitabaki na kitu, mama. Itakuwa kopo."

"Tengeneza yake," mama akasema.

Kazi ilichukua wiki mbili na zaidi, na mama alikwenda kuitazama mara tatu. Fundi alikuwa ameanza kumwita Daktari. Alimwonyesha namna anavyosugua kila gurudumu kwa brashi na petroli, anavyochokoa kila tundu kwa kijiti kilichochongwa mpaka kijiti kitoke bila doa, anavyodondosha mafuta kwa ncha ya sindano, tone dogo hata halionekani. Mara ya kwanza aliyoiunganisha iligoma. Aliifungua yote upya bila kulalamika. Unywele mmoja wa brashi ulikuwa umenasa kwenye meno. Mama alipokwenda mara ya tatu nilikuwepo. Fundi aliliteremsha gurudumu lenye springi mahali pake, likayumba mara mbili, kisha likaanza kwenda na kurudi, kwenda na kurudi. Mama alisogeza sikio. Nilimwona akifumba macho, na midomo yake ikihesabu.

Mabaki ya saa yake fundi aliyafunga kwenye karatasi. Mama alimwambia akae nayo, huenda skrubu moja ikamfaa mtu mwingine.

Tuliipeleka Jamhuri Jumamosi mchana. Rafiki yake, nami simwiti hivyo bila kusita, aliishika mbali na macho, akaitia ufunguo kwa uangalifu, akaiweka sikioni. Alimwuliza mama imetengenezwa kwa vipande gani. Mama akamweleza kwa ufupi: gurudumu, kioo, mikono, vimetoka kwa yangu.

"Na yako?"

"Imekwisha."

Akaivaa. Ngozi ya kifundo cha mkono wake ilikuwa imelegea na saa ikateleza hadi chini kidogo, akaisukuma juu. Aliongea kama anayejiuliza mwenyewe. "Yule mama alikuwa na miaka ishirini na mbili. Kila mwaka mvua zikianza ninamkumbuka. Alikuwa amesuka nywele vizuri. Sijui yule binti yake yuko wapi siku hizi."

"Alikuwa mvulana," mama akasema.

"Msichana, Sista."

"Mimi nakumbuka mvu..." Mama akasita. Nilimwona akiirudia wodi ile kichwani, kitanda kwa kitanda. Kisha akaachia. "Wewe ndiye uliyempokea," akasema. "Kama unasema msichana, basi ni msichana."

Hawajawa marafiki kama walivyokuwa wasichana wa chuo. Mwenyeji wetu hajakanyaga kwetu Satellite, na sijamsikia akisema neno la msamaha. Lakini hupiga simu. Huzungumza juu ya magoti, juu ya dawa za presha, juu ya nani amezikwa wapi. Mama humsikiliza amesimama, simu imebanwa sikioni kwa mikono yote miwili, na mimi huzima cherehani mpaka wamalize.